Gurudumu la Kushoto la Mbele

Jumapili, 2 Oktoba 1955

Pandu kaleta ngozi! Kipande kizima, chekundu, kikubwa kuliko kiganja changu, kakikata chini ya kiti cha utingo ambako hapana anayetazama. Na chembe za rangi ya ubavuni kazikwangua, kazifunga kwenye karatasi ya sigara. Pandu mtu mzima, ana mvi kidevuni, utingo wa Darwesh tangu miye bado mke wa Darwesh – lakini pale mlangoni alikuwa akigeuka nyuma kama mwizi wa kuku. Ati, Bi Tamima, bwana akijua miye sina kazi. Nikamwambia bwana wako hajui hata gari yake ina viti vingapi, ataona wapi kipande cha ngozi.

Nilijitia ushujaa tu. Na miye roho ilikuwa juu juu. Darwesh akisikia kuwa mtalaka wake anatengeneza kigari mfano wa gari yake kwa bati na mbao, inchi moja kwa kila futi, atanicheka mbele ya mji mzima. Au atakasirika. Sijui lipi lina ubaya zaidi.

Na kwa nini gari ya Darwesh, na kituo kizima cha magari kiko hapo Darajani chini ya dirisha langu? Kwa sababu ndiyo ninayoijua. Miaka yote ya ndoa nimeiona ikioshwa, ikipakiwa ndizi na madebe, ikiondoka kwenda Makunduchi na kurudi na vumbi. Mume nshamsahau. Wallahi nshamsahau. Gari sikuisahau.

Na ndiyo iliyotuachisha. Nilisema mbele ya wageni wake kuwa kidato cha kupandia kiko juu mno, wanawake wanapanda wanaonesha magoti. Akaona nimemvunjia heshima. Usiiseme gari yangu tena! Haya, sikuisema. Nimeitengeneza. Yangu ina kidato cha chini, ina mlango wa nyuma wa wanawake, na pazia pia ina. Mambo haya nliyaanza kwenye eda yake. Umekaa ndani, hutoki, unaletewa kofia za watu ushone, mpaka macho yanaota matundu ya kofia. Siku moja nikachukua kopo la maziwa na mkasi, nikakata mlango wa teksi. Ndo nikapotea hapo. Sasa sanduku langu la harusi lina teksi mbili, lori la karafuu na gari ya zimamoto. Kaka yangu Suud, ninayekaa kwake, anajua, huniletea makopo kutoka ofisini kwake forodhani. Mkewe Mwanakheri anadhani bado nnashona kofia.

Pandu alipokuwa anaondoka nikamwambia jambo. Huku juu dirishani naliona gurudumu lao la kushoto la mbele limelalia ndani. Si sana, lakini limelala. Langu nimelilaza vile vile, maana naiga nnachokiona. Mwambieni fundi alitazame. Akacheka yule! Bi Tamima, bado unaisema gari tu!

Jumanne, 4 Oktoba

Viti vimekaa. Vyekundu, ngozi yenyewe ya gari yenyewe. Nikivitazama moyo unanidunda kwa furaha kama mtoto wa Idi.

Gundi ya seremala inachelewa kushika, nayo nina dawa yake. Kila pembe natia pini. Halafu naizungushia bafta nyeupe, halafu uzi wa cherahani juu ya bafta, mzungushe, mzungushe, kaza, funga fundo. Naiweka chini ya kitanda, joto lisiifikie. Kesho kutwa nafungua, kila kitu kimeshikana.

Gurudumu la kushoto la mbele lilinishinda. Kuiga ni kuiga, lakini kule kulala kwake kunanichoma jicho. Nimeling'oa. Nitachonga jingine kwenye kibao cha mpera, lisimame wima. Lile la zamani nimeliweka kwenye kisahani cha kahawa. Gari imelala chini ya kitanda na magurudumu matatu, maskini.

Jumatano, 5 Oktoba

Gari ya Darwesh imepinduka.

Suud kaja anahema. Mtelemko wa Pete, kabla ya kufika Jozani. Gurudumu limechomoka gari inakwenda. Nikamuuliza lipi? La mbele. La upande gani? Kanitolea macho. La kushoto, una nini weye?

Nimeingia chumbani nimefunga mlango. Kisahani kiko juu ya cherahani. Gurudumu limo. Sikuligusa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Sijala tangu jana.

Mwanakheri kaenda hospitali, kwa kuwa shangazi yake wa Makunduchi alikuwamo garini. Shangazi mzima, kachubuka tu. Wengi walikuwa washashuka njiani, Mungu kawahurumia. Pandu kavunjika mkono. Darwesh ndiye – bodi lilimlalia mguu wa kushoto, na kichwa kimepiga jiwe. Hajafumbua macho. Wanamwita haitiki.

Shangazi anasema vumbi lilipotua walikuta kima punju wamejipanga mitini juu yao, wanatazama, hapana hata mmoja anayelia. Sikutaka kusikia hilo. Kwa nini wananisimulia habari za kima?

Halafu Mwanakheri akasema, huku anavua buibui, kuwa Pandu anazungumza maneno ya ajabu pale kitandani. Kuna mtu alimwambia kabla. Siku chache kabla. Akamtajia na gurudumu lenyewe! Mwanakheri akamuuliza mtu gani. Pandu akageukia ukutani.

Nimemwonya, na onyo ndilo litakaloniua. Ningenyamaza, leo pasingekuwa na shahidi juu yangu.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mwanakheri kaliona.

Alikuja kutoa mashuka ya kufua, miye niko jikoni. Nikasikia ukelele. Nimepanda ngazi sijui vipi. Kakaa chini, mgongo ukutani, bafta iko mbele yake. Alidhani maiti ya kitoto! Kitoto kichanga kimevikwa sanda kikawekwa chini ya kitanda cha wifi yake. Nikamwambia siyo, siyo, ngoja, nikafungua ili aone, na hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Kaona pini. Kaona nambari ya gari ubavuni. Kaona ngozi nyekundu, ambayo jana tu kaiona imechanika kwenye viti vya gari iliyopinduka, walipoivuta mpaka mjini.

"Wifi, umefanya nini?"

Gundi, nikamwambia. Pini za kushikia gundi.

"Gundi! Pini na bafta na uzi na fundo, na kitu cha mwenyewe ndani yake? Kwetu ukitaka kumfunga mtu huhitaji zaidi ya hivyo. Na gurudumu liko wapi?"

Nikamwonesha kisahani. Ningefanyaje? Kaziba mdomo kwa kanga.

Astaghfirullahi. Nimetumia pini na bafta miaka yote hii na sikuona kitu. Lakini nilipomsikia akivitaja kimoja kimoja, na miye nikaviona. Mtu gani atakayeamini? Mtalaka. Kakaa peke yake chumbani. Katuma mtu amletee kipande cha gari ya mume wake wa zamani, kwa siri. Kaifunga. Kang'oa gurudumu Jumanne, limechomoka Jumatano. Hata miye ningekuwa hakimu ningejifunga.

Suud kaja baada ya sala. Kasema upuuzi. Kasema dunia ya leo ndege zinavuka bahari, nyinyi mnaogopa makopo. Kasema atalichukua hilo dude akalitupe baharini nyuma ya forodha, yaishe. Akakunja gazeti akaliinulia kwa gazeti.

Nikamuuliza gazeti la nini.

"Mikono yangu ina jasho."

Mwanakheri akamwambia, haya litupe, likizama na Darwesh akazama je? Kaka yangu msomi akasimama pale mlangoni na gazeti lake. Akarudi. Akaliweka chini taratibu, kama mtu anayeweka mayai.

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimekaa nijirejeshee akili. Lori la karafuu nlilitengeneza mwaka jana. Mwezi wa Ramadhani liliniponyoka, taa moja ikavunjika. Lori lenyewe linapita hapa kila siku, halina neno. Basi ushahidi huo! Lingekuwa jambo la sihiri, na lile la barabarani lingepatwa.

Nikakaa dirishani nilione lipite, nipate raha ya roho.

Halikupita. Kutwa nzima halikupita.

Nikikichoma moto kigari hiki – nafikiri juu ya moto nafikiri juu ya homa yake. Nikikivunja, mifupa. Nikikizika, Mungu apishe mbali. Nikikiacha kilivyo, kina magurudumu matatu na pini mwili mzima. Miye siamini mambo haya. Nimesoma. Lakini mkono hautaki kushika kiberiti.

Jumapili, 9 Oktoba

Lori limepita! Asubuhi, limejaa magunia mpaka juu. Nusura nipige kigelegele pale dirishani.

Taa moja haina kioo.

Ilikuwa haina kioo siku zote? Sikumbuki. Na miye nnayejisifu naona kila kitu, hili sikumbuki.

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimetoa pini zote. Nimefungua uzi, sikuukata, nimeufungua fundo kwa fundo. Bafta nimeifua kwa sabuni nikaianika hadharani pamoja na nguo nyingine, kama kitambaa cha kawaida. Ndicho kilivyo! Kitambaa cha kawaida. Nikakaa na kigari mapajani, viti vilivyolegea pini zilipotoka nikavitia gundi upya, nikavishika kwa vidole mpaka vikashika vyenyewe. Ilikuwa baada ya adhuhuri.

Alasiri Mwanakheri karudi kutoka hospitali. Darwesh kafumbua macho! Kaomba maji, kanywa, kauliza gari iko wapi. Gari, si mke. Ndiye yeye huyo.

Alhamdulillahi. Nikauliza saa ngapi kafumbua macho.

Baada ya adhuhuri, kasema Mwanakheri. Akanitazama mikono. Nilikuwa nikijituliza kuwa si mkono wangu uliompindua. Sasa itakuwaje kama ni mkono wangu unaomponya?

Jumanne, 11 Oktoba

Wamekuja kuniomba radhi.

Nilisikia hodi, nikachungulia, naona buibui mbili. Bi Mcha, shangazi yake Darwesh, na nyuma yake yule msichana aliyeolewa baada yangu, Kazija. Sijawahi kumwona karibu. Mdogo. Macho yamevimba. Kigari nimekitia sandukuni haraka haraka, nikakaa juu ya sanduku.

"Shikamoo Bi Mcha."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kwako kwa miguu yetu. Darwesh kafumbua macho lakini mguu haumsikii, na homa haishuki. Kama una kinyongo naye kitoe. Mgonjwa hapati afya na nyuma yake kuna mwanamke ana kinyongo."

Nikasema nimemsamehe duniani na akhera. Na kweli, ndani ya kusema nikaona sina kitu naye. Nilikuwa na gari tu. Bi Mcha kaniombea dua, kalia kidogo, kainuka.

Kazija hakuinuka. Alikuwa anatazama mguu wa cherahani. Nami nikatazama. Ukanda mwembamba wa ngozi nyekundu, mabaki ya kukatia viti, umelala pale kwenye mkeka. Naapa nilifagia! Kila siku nafagia!

Akanyoosha mkono akauokota. Kafumba kiganja. Tukatazamana. Nikangoja apige kelele, amwite Bi Mcha, anitemee mate. Kashuka ngazi na ngumi yake imefungwa.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mji unajua. Sijui ni Kazija au ni Pandu. Suud anasema ni Pandu. Kamwambia kila mtu aliyekuja kumpa pole: Bi Tamima aliitaka ngozi, Bi Tamima aliitaka rangi, Bi Tamima alilitaja gurudumu. Kila neno la kweli! Hakuongeza hata chumvi. Laiti angeongeza uongo kidogo ningepata pa kushika.

Asubuhi ndimu zilizokatwa, na chumvi ya mawe, kizingitini petu. Mwanakheri kazizoa kwa ufagio bila kuzitazama. Mama wa bwana harusi aliyeniagiza kofia kamtuma mtu aichukue, haijesha, haidhuru, aichukue hivyo hivyo. Nikaipeleka mlangoni. Aliyetumwa kaipokea kwa ncha za vidole.

Watoto chini ya dirisha wanapita mbio wameziba pua.

Suud karudi mapema, uso hauna damu. Ndugu zake Darwesh wamemwendea kazini. Wamempata mganga wa shamba, kawaambia kitu cha mgonjwa kimefungwa ndani ya nyumba ya juu na hapana afya mpaka kitolewe. Watakuja kupekua. Kwa hisani au kwa nguvu. Suud kawajibu nyumba yake haipekuliwi na mtu. Anawajibu vizuri, kaka yangu, lakini usiku huu kalala na mti wa mlango kautia.

Naogopa. Sina njia nyingine ya kuandika. Wakikiona watanitoa nje mbele ya watu. Nani atakayewazuia? Nitasema gundi? Nitasema inchi kwa futi?

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimechonga gurudumu jipya. Limepasuka.

Nimechonga la pili. Limesimama wima, zuri, mpira wake nimeukata kwenye kandambili. Ekseli ni njiti ya mwavuli. Nikalitia gundi, nikalishikilia mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipoliachia likalalia ndani. Kule kule.

Mwanakheri kachungulia mlangoni. Hajaingia chumba hiki tangu siku ile. Kasema kwa sauti ndogo kuwa daktari kasema mguu umeanza kuwa mweusi. Kesho wataukata, usipopata damu.

"Wifi, bado hujalitia gurudumu?"

Yaani na yeye! Juzi nilikuwa mchawi, leo naambiwa nachelewesha kazi.

Jumamosi, 15 Oktoba

Kazija kaja peke yake. Suud yuko kazini, Mwanakheri kamfungulia. Nilisikia miguu kwenye ngazi nikajua siku yangu imefika, nikasimama nyuma ya mlango na mkasi mkononi. Mkasi! Ningefanya nao nini?

"Dada Tamima, nifungulie. Niko peke yangu."

Kaingia, kavua ushungi, kafungua kiganja. Ule ukanda wa ngozi. Kauweka juu ya mkeka mahali pale pale alipouokota.

"Sikumwonesha mtu. Nimeurejesha, kitu chako kisije kikapungua."

Nikamuuliza kipungue nini. Kasema mguu wanaukata leo baada ya alasiri. Kasema nduguze Darwesh wako njiani, wamekwenda kumchukua mganga wao Ng'ambo kisha wanakuja hapa, na yeye kawatangulia. Machozi yanamtoka bila sauti. Kasema, nionyeshe.

Nilikuwa nshachoka kuogopa peke yangu. Nikafungua sanduku.

Nilidhani atarudi nyuma. Kapiga magoti, kakitazama. Kapitisha kidole juu ya paa. Kachungulia ndani, kaona viti. Halafu, wallahi, katabasamu.

"Kina pazia!"

Nikasema ndiyo.

"Na kidato umekishusha. Miye nilimwambia juu ya kidato. Kaninunia wiki nzima."

"Miye kaniacha," nikamwambia.

Tukacheka, jamani. Mtu anakatwa mguu na sisi tumekaa mkekani tunacheka, mpaka kicheko chake kikageuka kilio na akanishika mkono wenye gundi.

"Litie gurudumu, dada."

"Kazija, nisikilize. Hili ni bati. Hizi mbao. Hii ni kandambili ya Suud."

"Najua."

"Mguu wa Darwesh uko hospitali, hauko hapa. Nikilitia lisimame na wakamkata? Utasema nini? Nikilitia na asikatwe, watasema nini?"

"Najua. Litie."

Ndo naona sasa kilichonitisha siku zote hizi. Si kuitwa mchawi. Naogopa kuaminiwa. Naogopa macho ya mtoto huyu, yamekaa juu ya vidole vyangu kana kwamba ndani yake mna dawa. Nikikataa, mguu ukatwe, nitakuwa nimeukata miye. Nikikubali, ndo nimekubali.

Nimekubali. Nimelitoa lile lililolala, nimepiga msasa ekseli, nimeipasha gundi juu ya mkaa mpaka ikawa nyepesi. Kazija kakishika kigari mapajani kwake, kakikumbatia kisitikisike. Nimelitia. Nimelisimamisha wima. Nalishika kwa mkono wa kushoto na kwa wa kulia naandika, maana nisipoupa kazi mkono huu utatetemeka na wa pili utaufuata.

Pini ziko ndani ya kikopo, nikinyoosha mkono nazifikia. Moja tu ingetosha. Moja pembeni ya ekseli, na ningeweza kuliachia nikafungua mlango nikasimama mbele ya watu kama binadamu mwenye mikono miwili. Kazija kaona nnavyotazama kikopo. Katikisa kichwa.

Chini wamefika. Sauti nyingi, na Suud naye, keshatoka kazini, anasema hampandi, hampandi. Mwanakheri analia. Mti wa mlango umeanguka, nimeusikia.

"Bado?" kaniuliza Kazija.

"Bado."

"Inashika?"

Sijui. Gundi hii inachelewa. Siku zote inachelewa, ndiyo sababu ya pini, ndiyo sababu ya bafta na uzi, ndiyo sababu ya yote haya! Kazija kajisogeza mpaka mgongo wake uko mlangoni, kigari bado mapajani, na miye nimesogea naye kwa magoti, mkono kwenye gurudumu. Daftari liko sakafuni. Anawaita wale walioko ngazini, sauti haikatiki hata kidogo: shemeji, ngojeni, shemeji, anamtengeneza. Anamtengeneza! Mbele ya watu wote!

Wamesimama. Halafu mtu mmoja kapanda kidato kimoja, na kingine. Naona kivuli chini ya mlango.

Nikiliachia sasa litalalia ndani, upande ule ule. Kidole gumba kinaniuma. Siliachii